Kuba bila boksi

Mwezi uliopita mama mmoja jirani yetu hapa Uyole aliniita akanambia fundi nataka tanuri la mikate, sio la bati, la tofali, lile la kuba linalotunza moto mpaka asubuhi. Nikamwambia sawa mama ntakupigia hesabu. Jioni nikakaa na karatasi nikaanza kuandika, tofali za kuchoma, udongo wa kichuguu, chokaa, mchanga, afu nikafika kwenye mbao za boksi nikakwama. Kwa ambao sio mafundi, boksi ni zile mbao tunazopiga kushikilia kazi mpaka ikauke, ukitaka tao unachonga boksi lenye umbo la tao unapanga tofali juu yake afu ukishamaliza unalitoa. Sasa kuba lote, duara, lenye upana wa mita moja na ishirini, boksi lake ni kama kuchonga tumbo la mtungi kwa mbao, na bei ya mbao mnaijua wenyewe, boksi peke yake lingekula hela kuliko tofali. Yule mama hela yake ni ya kuuza chai na maandazi. Siwezi kumfanyia hivyo.

Hapo ndo nikamkumbuka Brunelleschi, yule mjenzi wa kale wa Italia aliyejenga kuba kubwa la kanisa bila boksi.

Habari za huyu mzee nilizijua kwa sababu ya mwanangu. Mwaka juzi alikuja na daftari la historia, kwenye daftari Renesansi imeandikwa mistari minne, ni kipindi cha kuzaliwa upya kwa sanaa na elimu ya Wagiriki na Warumi wa kale, ilianzia Italia, karne ya 14 mpaka ya 16, wachoraji maarufu Leonardo da Vinci na Michelangelo. Imeisha. Akaniuliza, baba, kama kilizaliwa upya, kwani kilikuwa kimekufaje? Sikuwa na jibu na swali lile likanikaa kichwani, nikawa kila usiku nasoma kwenye simu mpaka mke wangu ananinyang'anya, na kadri nilivyosoma ndivyo nilivyoona kwamba dogo kauliza kitu ambacho hiyo mistari minne haikigusi kabisa.

Kwa sababu ukweli ni kwamba hakikufa. Pale Roma kuna jengo linaitwa Pantheon, lilikamilika kwenye miaka ya 120 wakati wa Kaizari Hadrian, lina kuba la zege lenye upana wa mita 43, halina nondo hata moja, na juu katikati wameacha tundu wazi mvua inaingia. Mpaka leo limesimama. Tangu mwaka 609 limekuwa kanisa, watu wanasali mle ndani, yani kwa zaidi ya miaka mia nane watu waliinua macho wakaliona lile kuba kila siku na bado hakuna aliyejenga lingine la ukubwa ule. Lilikuwa palepale! Hata masanamu ya marumaru yalikuwepo, mengine chini ya ardhi, mengine yanavunjwa na kutupwa kwenye matanuri ili wapate chokaa. Mimi nimewaona wachoma chokaa kule bonde la Songwe, najua jiwe linavyogeuka unga, na nikifikiria kwamba mule tanurini uliingia mkono wa sanamu alioutoa fundi wa miaka elfu moja nyuma, naumia, kwa kweli naumia.

Na lile zege la Warumi lilikuwa na siri yake, walichanganya chokaa na majivu ya volkano, hasa yale ya maeneo ya Pozzuoli karibu na Naples, mchanganyiko unashika mpaka ndani ya maji. Sisi tunaoishi huku chini ya Rungwe na Ngozi majivu ya volkano ndo tunayalima, ndo tunayakanyaga, ukichimba msingi kuelekea Tukuyu unakutana na vile vijiwe vyepesi vyenye matundu. Nilipolisoma hilo nilisimama nikatoka nje nikashika udongo wa uwanjani kwangu.

Sasa twende Florence, Italia, mji wa Brunelleschi. Kanisa lao kuu, Santa Maria del Fiore, walianza kulijenga mwaka 1296. Wakajenga miaka na miaka wakafika kwenye shingo ya kuba wakasimama, kwa sababu tundu lililobaki juu lilikuwa na upana wa karibu mita 45, tena liko zaidi ya mita 50 kutoka sakafuni, na halikuwa duara, lilikuwa la pande nane. Yani wazee wale walianzisha jengo ambalo hakuna mtu hai aliyejua litamalizwaje. Boksi lake lingetaka msitu mzima wa miti mirefu, na hata ungeipata hiyo miti, mirunda ya kuinuka mita 50 na kubeba ule mzigo ingejivunja yenyewe. Mwaka 1418 wakatangaza shindano. Akatokea Filippo Brunelleschi, mzaliwa wa 1377, hakusomea uashi, alikuwa sonara! Miaka 17 nyuma alishiriki shindano la kutengeneza milango ya shaba ya jengo la ubatizo pale pale Florence akashindwa na Ghiberti. Kisha, kwa mujibu wa Manetti aliyeandika maisha yake, alienda Roma na rafiki yake Donatello mchonga sanamu wakawa wanachimba chimba kwenye magofu na kupima, msingi umekaaje, nguzo ina urefu gani ukilinganisha na unene wake, tao limefungwaje, na watu wa Roma wakawaona wakasema hawa wanatafuta hazina, wanatafuta dhahabu iliyofukiwa.

Hapo ndo palinishika. Maelfu ya watu walishapita kwenye yale magofu, wengine wakashangaa, wengine wakaandika mashairi, hawa wawili wakaja na kamba ya kupimia. Nikamwambia mwanangu, nadhani hicho ndo kilichozaliwa. Vitu vilikuwepo, kilichokuwa kimelala ni lile swali la fundi, huyu alifanyaje?

Sasa alifanyaje Brunelleschi, maana hakuacha hata mchoro mmoja wa kazi, siri zake alizificha sana aliogopa kuibiwa. Ila kuba lenyewe lipo na limechunguzwa. Kwanza ni makuba mawili, moja ndani ya lingine, katikati pana nafasi ya kupita mtu, ndo maana mpaka leo watalii wanapanda kwa ngazi zilizo humo. Pili akazungushia mikanda ya mawe yaliyofungwa kwa chuma na mmoja wa mbao, kama pete za pipa, ili kuba lisitanuke miguuni. Tatu, na hili ndo la kwetu mafundi, tofali. Zilitumika zaidi ya milioni nne. Ukipanda kozi kwa kozi, yani mzunguko wa tofali juu ya mzunguko, kuba linavyozidi kuinama ndani, tofali ya kozi mpya inataka kuteleza kabla mota inayounganisha haijashika. Yeye kila baada ya tofali kadhaa za kulala akawa anasimamisha moja wima, na kozi inayofuata ile ya wima inasogea kidogo pembeni, kwa hiyo ukiangalia kwa mbali unaona mstari unaopanda kwa kuzunguka kama mifupa ya samaki. Zile za wima zinabana zile za kulala katikati yao kama vitabu kwenye shelfu, haziwezi kuteleza, kozi ikishafunga mzunguko inajibeba yenyewe na kesho inakuwa jukwaa la kozi inayofuata. Na wahandisi waliolipima wanasema japo kuba lina pande nane, unene wake unatosha duara kamili kukaa ndani ya kuta zake, na hilo duara lisiloonekana ndo linalobeba.

Walianza 1420, 1436 likafungwa. Miaka 16. Na mashine ya kupandishia mzigo aliibuni yeye, inavutwa na ng'ombe, ina gia ya kubadilisha kupanda na kushuka bila kumgeuza ng'ombe, mtu aliyefanya kazi na maksai anajua hilo limeokoa muda kiasi gani.

Marehemu baba yangu alikuwa saidia fundi. Sisi asili yetu ni Iringa, upande wa Kalenga, na kwenye ujana wake alifanya vibarua vya ukarabati pale misheni Tosamaganga, misheni ambayo kwa miaka mingi ilikuwa chini ya mapadri wa Consolata kutoka Torino. Alipenda kunipeleka pale nikiwa mdogo, tunasimama chini ya tao, ananambia weka mkono. Afu ananambia, mwanangu, tao halishikwi na saruji, linashikwa na uzito wake lenyewe. Sikumwelewa. Nilikuja kumwelewa nikiwa na miaka 40 na kitu nikisoma kwenye simu habari za sonara wa Florence aliyekufa mwaka 1446, na baba hayupo tena nimwambie nimeelewa.

Labda ndo maana kati ya wote wa kipindi kile, ukimtoa Brunelleschi, ninayempenda zaidi ni Petrarca. Huyu hakuwa mjenzi, alikuwa mshairi, alizaliwa 1304, na alikuwa na njaa ya vitabu vya kale isiyopona. Mwaka 1345 akiwa Verona alikuta barua za Cicero, mwanasiasa na msemaji mkubwa wa Roma aliyeuawa mwaka 43 kabla ya Kristo. Akazisoma, akamkuta mzee aliyemheshimu maisha yake yote kumbe alikuwa mtu wa kuhangaika na siasa, kugombana, kulalamika. Ikamuuma. Akafanya nini, akachukua kalamu akamwandikia Cicero barua! Anamlaumu kama unavyomlaumu mjomba wako, kwa nini mzee wangu usitulie uzeeni ukaachana na ugomvi ule, na mwishoni akaandika tarehe, 16 Juni 1345, na kwamba barua inatoka kwa walio hai. Mtu amekufa miaka karibu 1,400! Lakini ukiisoma unaona kabisa hamwandikii mzimu wala mtakatifu, anamwandikia mtu. Hilo kwangu ndo ubinadamu ambao watu wa kipindi kile waliitwa kwa jina lake, kwamba wa kale walikuwa watu, walikosea, walipenda, waliogopa, na kwa hiyo unaweza kuongea nao na hata kubishana nao.

Huyo huyo Petrarca alipewa kitabu cha Homer kwa Kigiriki na hakujua Kigiriki. Akamwandikia aliyemtumia kwamba Homer kwake ni bubu, au niseme yeye ndo kiziwi kwa Homer, na akawa anakikumbatia tu kile kitabu anatamani kukisikia. Alikufa 1374 hajajifunza. Mwaka 1397 ndo Manuel Chrysoloras akaja kutoka Constantinople kufundisha Kigiriki Florence. Mimi nina rekodi ya sauti ya bibi yangu kwenye simu, dakika kumi na kitu, anasimulia kwa Kihehe kile cha ndani, nusu naelewa nusu inanipita, na watoto wangu waliozaliwa Mbeya hawaelewi hata neno, wanasikia sauti tu. Nikisoma habari ya Petrarca na kile kitabu naielewa kwa mwili mzima.

Kitu kingine ambacho kwenye daftari la dogo hakipo kabisa ni njia iliyopita hiyo elimu. Vitabu vingi vya Wagiriki vilitafsiriwa Kiarabu kule Baghdad, vikasomwa, vikasahihishwa, vikaongezwa, afu vikatoka Kiarabu kuingia Kilatini kwenye miji kama Toledo, Uhispania. Gerard wa Cremona alitafsiri kitabu cha nyota cha Ptolemy pale Toledo kutoka Kiarabu mwaka 1175. Na ile elimu ya Ibn al-Haytham kuhusu macho na mwanga iliwafikia watu wa Italia waliokuwa wanatafuta jinsi ya kuchora umbali kwenye ukuta bapa. Raphael alipochora ule ukuta wa wanafalsafa kule Vatikani, 1509 mpaka 1511, alimweka na Ibn Rushd, mwanafalsafa wa Kiislamu, katikati ya Wagiriki, kavaa kilemba. Na sisi tusijione tuko mbali na safari hiyo, angalia mdomoni mwetu, falsafa ni neno la Kigiriki lililopita Kiarabu, karatasi hivyo hivyo, hata kalamu. Kabla ya Brunelleschi hajazaliwa watu wa mwambao walikuwa wanaandika kwa herufi za Kiarabu. Maneno ya Wagiriki yalivuka bahari yakaja kwetu kwa jahazi wakati vitabu vyao vikielekea kaskazini.

Sasa nisimulie ya Lorenzo Valla maana hii ilinigusa kifamilia. Kulikuwa na hati maarufu sana iliyosema Kaizari Constantine, karne ya nne, alimkabidhi Papa mamlaka juu ya Roma na nchi za magharibi. Karne nyingi imetumika. Mwaka 1440 Valla, bingwa wa Kilatini, akaisoma hati neno kwa neno kama fundi anavyogonga ukuta kusikia penye shimo. Akasema hili neno "satrapi" linafanya nini hapa, viongozi wa Roma enzi za Constantine hawakuitwa hivyo. Na huu mji wa Constantinople unaotajwa kama makao ya patriaki, mbona wakati huo haukuwa bado hivyo? Hati ni ya kughushi, imeandikwa na mtu wa miaka mingi baadaye asiyejua watu wa zamani waliongeaje. (Ni kweli Valla alikuwa anamfanyia kazi Alfonso mfalme wa Aragon, aliyekuwa anaigombea Naples na mwenye mgogoro na Papa, lakini hoja ilisimama kwa miguu yake.)

Mjomba wangu ana kiwanja Vwawa. Miaka michache iliyopita akaja mtu na karatasi ya mauziano ya mwaka 1998, imekunjwa kunjwa, imechakaa vizuri, mashahidi wote marehemu, inasema kiwanja kilishauzwa na babu. Mjomba alilia, kikao cha kwanza hakikwenda vizuri kabisa, kila mtu anaangalia sahihi na dole gumba. Shangazi yangu, mwalimu mstaafu, akaiomba ile karatasi akavaa miwani akaisoma taratibu kuanzia juu, akasimama akasema naomba kuuliza, hapa pameandikwa Wilaya ya Mbozi, Mkoa wa Songwe. Mwaka 1998 huo Mkoa wa Songwe ulikuwa wapi? Maana Songwe imekatwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Kikao kizima kimya. Shangazi hajawahi kusikia jina la Valla maishani mwake, nilipompelekea habari yake alinisikiliza mpaka mwisho akanambia mwanangu huyo alifundishwa kusoma.

Lipo jambo moja linaniuma na siwezi kuliruka. Michelangelo alipewa jiwe la marumaru lililokuwa limeharibiwa na kuachwa uani miaka mingi, akalichonga 1501 mpaka 1504 ikatoka sanamu ya Daudi, zaidi ya mita tano kwenda juu, mwili wa binadamu ulivyo mzuri mbele ya jiji zima. Kabla ya hapo, 1486, mwanafalsafa Pico della Mirandola alikuwa ameandika kwamba mwanadamu hakuwekewa mpaka, anaweza kujifanya atakacho mwenyewe. Maneno mazito. Na mwaka 1505, mwaka mmoja tu baada ya Daudi kusimamishwa, meli za Wareno chini ya Francisco de Almeida zilifika Kilwa wakaupora mji, mwezi uliofuata wakaichoma Mombasa. Wafanyabiashara wa Florence waliokaa Lisbon walikuwa wanaweka hela zao kwenye safari hizo za India. Kilwa nako kulikuwa na makuba, ule msikiti mkuu una makuba na matao ya mawe ya matumbawe na chokaa, mpaka leo unaweza kwenda kuyashika. Nimekaa na hilo siku nyingi, na simchukii Brunelleschi wala Petrarca kwa sababu yake, ila nikisoma lile neno mwanadamu kwenye maandishi ya wakati ule huwa nauliza walipoliandika walimwona nani, na mwanangu nimemwambia kwenye daftari aandike tarehe zote mbili mstari mmoja, 1504 na 1505.

Basi, tanuri. Nilimwambia mama jirani tunajenga bila boksi, akaniangalia, akasema fundi, hilo halitaniangukia na mikate? Nikapigilia kigingi katikati ya sakafu nikafunga kamba ya sentimita sitini, mwanangu akawa anaishika, kila tofali ninayoweka ncha ya kamba lazima iguse uso wake wa ndani, kwa hiyo kamba yenyewe ndo inakwambia tofali iiname kiasi gani. Kozi nne za chini hazina shida. Kuanzia ya tano zikaanza kutaka kuteleza, nikasimamisha moja wima kila baada ya tatu, udongo mzito usio na maji mengi, nashikilia kwa mkono nahesabu mpaka thelathini naachia. Haikushuka. Kozi ikifunga mzunguko ukiigonga inalia kama kitu kimoja, ile sauti ikabadilika kabisa, na siku ya tatu jioni, baridi ya Uyole ile inayokata vidole, nikaingiza tofali ya mwisho juu kwa kuigonga na nyundo ya mpira, nikatoa mkono. Mwanangu akaingiza kichwa mlangoni na tochi ya simu akakaa humo muda mrefu anaangalia juu.

Mama alikuja na chai akazunguka tanuri mara mbili, akaweka kiganja juu ya kuba, akasema ndaga fijo, yani asante sana kwa Kinyakyusa. Kuna ufa mwembamba umetokea juu ya mdomo, nadhani pale udongo niliuweka na maji mengi, nimeuziba na nimeuacha uonekane nijue kama unaongezeka. Wiki hii tunawasha vijiti tu, moto mdogo asubuhi na jioni, unyevu utoke taratibu. Mkate wa kwanza ni Jumamosi ijayo.